Boma Lisilo na Kishindo

Jemimah Mong'ina hakumsumbua Mungu kwa mambo mengi. Watoto aliwaomba miaka ishirini, hakupewa, akanyamaza. Mume alipewa, Jethro, mtu mpole asiyejua kufoka, na alipomzika kando ya migomba mbele ya nyumba yao lilibaki ombi moja tu. Alilitoa kila Jumatano kwenye maombi ya kina mama, kwa maneno yaleyale: "Baba, niache nikae katika boma langu mpaka siku utakayoniita, nilazwe kando ya mume wangu." Sisi tukaitikia amina. Tulilizoea ombi hilo kama tulivyozoea benchi tulilokalia.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza kwa nini mwanamke aombe kukaa kwake mwenyewe. Mtu wa huku Ekerenyo hatauliza. Mwanamke akiwa na mwana, mizizi yake imeshika. Asipokuwa naye, anakaa kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe kama mgeni ambaye watu wanangoja amalize chai yake aende. Sheria ya serikali inasema vingine, tumeisikia kwenye redio, lakini redio haikai kwenye kikao cha ukoo. Mong'ina alikuwa na nyumba ya mabati ya vyumba viwili, nusu ekari ya majani chai, na migomba yake. Upande wa juu aliishi shemeji yake Ochoki, mdogo wa Jethro, na mkewe Nyanchera, na wana wao watatu. Wana hao walikuwa wamekua. Ardhi haikukua.

Hata jina hakuwa nalo. Mwanamke huku huitwa kwa jina la mtoto wake. Jethro akiwa hai yeye aliitwa mke wa Jethro, na Jethro alipokufa akaendelea kuitwa mke wa Jethro.

Mwaka wa 2022, mwezi wa nane, chifu aliitisha baraza kwa sababu ya wageni. Alikuja msichana mmoja wa upande wa ziwani, Christabel, mwembamba, amevaa buti, aliyesomea mambo ya miamba chuoni, pamoja na dereva wake Ouko. Alisema kuna kifaa wanataka kukifukia ardhini kwa miaka miwili, cha kusikiliza matetemeko. Vingine kama hicho vilikuwa vimefukiwa sehemu nyingi, kutoka Bonde la Ufa mpaka ziwani.

"Tunatafuta boma," alisema. "Lisiwe na watoto wanaokimbia. Lisiwe na ng'ombe wengi. Pasiwe na kinu cha posho, wala watu wa kuingia na kutoka. Tunataka mahali pasipo na kishindo kabisa."

Hakuwa amemaliza watu walipoanza kucheka.

"Mpelekeni kwa mke wa Jethro!" Nyanchera alipaza sauti. "Huko hata panya hutembea kwa vidole!"

"Kishindo cha mwisho huko kilikuwa jeneza!" mwingine akadakia.

Baraza zima likaangua kicheko. Mzee Obwocha, mkubwa wa ukoo wao, alicheka mpaka akavua kofia ajifute machozi. Mong'ina alikuwa amekaa kwenye nyasi, miguu ameikunja chini ya leso. Alitabasamu pamoja nao, kisha akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Ni kweli, mwanangu," alimwambia Christabel. "Kwangu hapana kishindo. Karibu."

Walichimba shimo la kufika kifuani, wakamwaga saruji chini, wakazamisha pipa la plastiki, na ndani ya pipa wakaweka kifaa chenyewe, kitu cha chuma kisichozidi sufuria ya ugali wa watu wanne. Wakafunika, wakarudisha udongo. Juu yake ilibaki sola kwenye mlingoti mfupi, sanduku la betri, na ua wa waya. Sisi vyote kwa pamoja tuliviita sanduku. Obwocha alipita siku hiyo akachungulia shimoni, akauliza, "Mnamchimbia nani?" Watu wakacheka tena.

Christabel alikaa jikoni kwa Mong'ina siku mbili, na katika siku hizo alimweleza kazi ya kile kitu bila haraka. Tetemeko likitokea mbali, Indonesia au Afghanistan, mtikisiko wake husafiri ndani ya dunia yote mpaka hapa. Mguu wa mtu hauusikii, kile kifaa kinausikia. Na huko chini unakopita, mwamba haufanani. Kwenye kilomita kama mia nne na kumi kuna mpaka, na kwenye mia sita na sitini kuna mwingine, ambapo uzito wa juu hubana mwamba hadi ukabadilika na kuwa kitu kingine. Hakuna atakayechimba afike huko. Ni kusikiliza tu.

Mong'ina alikuja kutuelezea sisi kina mama kwa namna yake, na mimi nikaelewa vizuri kuliko nilivyoelewa kwa chifu.

"Tuseme wanawake wawili wametoka mbali pamoja, mwendo mmoja," alisema. "Wamefika mtoni. Mmoja anaendelea hivyohivyo. Mwingine anajitwika mzigo hapo mtoni, anaanza kwenda polepole. Wewe uko nyumbani kwako, mto huuoni. Lakini ukiangalia saa, ukajua huyu wa pili amechelewa nyuma ya mwenzake kiasi gani, utajua mto uko mbali kiasi gani. Huyu wa mto wa kwanza, yaani ule mpaka wa juu, huchelewa kama sekunde arobaini na nne. Wa mto wa pili, kama sitini na nane. Ikizidi au ikipungua, basi huko chini kuna jambo. Kukiwa na joto kali, mito hiyo miwili husogeleana. Wanatafuta joto lililopasua Bonde la Ufa limeanzia kina gani."

Alisema haya macho yakimeta. Nilimjua miaka thelathini, sikuwahi kumwona akisema jambo refu hivyo.

Nyanchera alikuwa akisuka kikapu. Hakuinua uso. "Wewe uliyeshindwa kujua kilicho ndani ya tumbo lako," alisema, "leo unajua kilicho ndani ya dunia."

Kuna waliocheka. Mong'ina alikunja leso yake kwenye magoti, akaikunjua, akaikunja tena. Baadaye sokoni ikawa ni wimbo: mke wa Jethro amejifungua mkebe. Amezaa chuma, hakinyonyi. Wanaume wa boda boda walimwuliza kama mtoto ameota meno.

Lakini aliipenda kazi ile. Aliifuta sola kwa kitambaa chepesi kila asubuhi, akang'oa nyasi kwa mkono badala ya jembe asitikise ardhi. Na alikuwa na daftari. Christabel alimpa mwenyewe, akamwambia, "Mama, mtu akikanyaga karibu na sanduku, hatua zake zinafunika tetemeko la Indonesia. Kwa hivyo ukiona mtu, ng'ombe, au lori la majani chai likinguruma barabarani, niandikie: nani, tarehe gani, saa ngapi. Nikija nitalinganisha na rekodi. Nikikiona kishindo hicho, nitatia alama nyekundu tujue kimepatikana."

Mong'ina aliishia darasa la saba, na mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa kulala upande mmoja. Alilitundika daftari kwa uzi kwenye msumari nyuma ya mlango. Aliandika: Lori la majani, saa tano na robo. Radi kubwa, saa kumi. Mzee Nyasani, saa nne kasorobo, amekata njia na fimbo yake. Ng'ombe wa Ochoki, saa mbili. Mzee Obwocha, saa sita, amesimama kwenye ua akikojoa. Hakuficha kitu wala hakutunga. Mwanamke aliyeambiwa andika, aliandika.

Christabel alikuja kila baada ya miezi mitatu. Katika safari moja alitia alama nyekundu nyingi: kwenye malori, kwenye radi, kwenye ng'ombe. Kwenye majina ya watu, siku hiyo alipata matatu tu. Nyasani. Obwocha. Na Ogoti, mwana wa kwanza wa Ochoki, aliyekuwa amefunga ng'ombe kwenye waya wa ua saa tatu na dakika kumi, Mong'ina akaenda kumwomba kwa adabu amhamishe.

"Mama mkubwa, unanifukuza kwenye shamba letu?" Ogoti alimwuliza.

"Sikufukuzi, mwanangu. Ni kazi ya watu."

Alimhamisha ng'ombe. Hawakugombana zaidi ya hapo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, Nyasani alikufa. Alikuwa amepita miaka themanini, na hakuna aliyeshangaa. Mwezi wa tano Ogoti akashikwa na homa. Siku ya kwanza walinunua dawa dukani, siku ya pili wakanunua nyingine, siku ya tatu wakampakia kwenye gari kumpeleka hospitali, akakata roho kabla hawajafika. Malaria. Aliacha mke, Lavender, na watoto wawili wadogo.

Kwa matanga ya huku, kila nyumba hutoa sufuria zake kubwa. Mwenyewe huwa ameandika jina lake chini ya sufuria kwa rangi ili zisipotelee kwa watu. Asubuhi ya siku moja kabla ya maziko tulikuwa kina mama kama thelathini uani kwa Ochoki tukimenya ndizi, Mong'ina akiwa mmoja wetu, mikono imejaa utomvu. Sufuria zikapungua. Lavender akaambiwa akazilete za mke wa Jethro. Mfiwa hatumwi, lakini alikuwa amekataa kukaa, alisema akikaa atapasuka.

"Nenda tu, mwanangu," Mong'ina alimwambia. "Mlango haujafungwa. Ziko nyuma ya mlango."

Lavender alirudi bila sufuria. Alirudi ameshika daftari, uzi wake unaning'inia. Alisimama katikati yetu akasoma, na sauti yake haikuwa ya kulia, ilikuwa kavu kama ya karani.

"Ogoti. Saa tatu na dakika kumi. Alama nyekundu." Akafungua ukurasa mwingine. "Nyasani. Saa nne kasorobo. Alama nyekundu." Akafungua tena. "Mzee Obwocha, saa sita. Alama nyekundu. Nyanchera, saa moja asubuhi. Hii bado. Lavender." Akasogeza ukurasa karibu na macho. "Lavender na watoto, saa kumi. Bado."

Visu vilisimama. Ungesikia inzi kwenye maganda.

"Si hivyo," Mong'ina alisema akiinuka. "Lavender, mwanangu, soma yote. Kuna malori humo. Kuna radi. Alama ni za Christabel, za kuonyesha ameviona kwenye mashine."

Hakuna aliyesoma mistari ya malori. Mong'ina akampigia Christabel simu mbele yetu, mara tatu, akiiweka sauti ya juu tusikie. Mara tatu yule mwanamke wa simu akasema mteja hapatikani. Siku hizo Christabel alikuwa kaskazini kabisa, kwenye masanduku mengine, ambako hakuna mtandao.

Nyanchera alitembea polepole mpaka alipokuwa Mong'ina. Kisha akampiga kofi, na akarudia kwa mkono wa pili, na utomvu wa ndizi ukabaki usoni mwa Mong'ina alama nyeusi za vidole.

"Nilikuonea huruma," Nyanchera alisema. "Nikasema hana mtoto, asaidie kubeba wangu. Kumbe ulikuwa unamwandika."

"Omorogi!" mtu akapiga kelele huko nyuma. Ni neno letu la mchawi, na hapa kwetu halisemwi kwa mzaha. Kuna kina mama wazee wamechomwa ndani ya nyumba zao kwa neno hilo.

Wanaume waliokuwa wakichimba kaburi waliacha majembe wakaja. Mong'ina alikimbia akiwa peku. Walimrushia maganda, kisha mawe. Jiwe moja lilimpata nyuma ya sikio. Aliingia kanisani, na mzee wa kanisa, namshukuru Mungu kwa hilo, akasimama mlangoni. Walienda kwake wakakata migomba yake yote, wakawakanyaga kuku wake mmoja mmoja. Sanduku hawakuligusa. Chifu aliwahi kuwaambia ni mali ya serikali, na anayeligusa atafungwa. Waliuzunguka ua wa waya kwa uangalifu.

Alikaa wiki nzima kwenye chumba cha vifaa vya kanisa, akilala kati ya viti vya plastiki. Ogoti alizikwa bila Mong'ina kutupa hata konzi ya udongo. Siku ya Ijumaa mchana tulienda kina mama watatu kumwona, mimi nikiwa mmoja. Tulikuwa tumetoka kwa Obwocha. Yule mzee alikuwa amekonda kwa siku chache kwa sababu ya ile alama yake nyekundu. Halali, hali, kila akikohoa anaita wanawe wamshike. Lakini alikuwa ametuambia kitu, nasi tulikibeba kama zawadi.

"Dada," nilimwambia Mong'ina, "mzee amesema ukikiri mbele ya kanisa, ukaombewa, utarudi kwako. Amesema kwa kinywa chake."

"Nikiri nini?"

"Sema tu umekosa. Wote wamefanya dhambi, imeandikwa."

"Hiyo nitasema hata leo. Lakini wao wanataka niseme ya Ogoti."

"Basi sema ya Ogoti. Mungu anaujua moyo wako. Ni maneno tu, dada. Ukitoka hapo unaingia nyumbani kwako, unawasha moto wako."

Jeraha la nyuma ya sikio lilikuwa limeshikamana na kitambaa. "Nimlilie Mungu miaka yote anipe kukaa," alisema, "halafu nikae kwa uongo?"

"Kaa kwanza," mwenzangu akamwambia. "Utatubu huo uongo ukiwa umekaa."

Tulicheka kidogo, hata yeye. Tukamwachia uji.

Kesho yake Jumamosi, Sabato yetu, kanisa lilijaa mpaka madirishani. Watu ambao hawajakanyaga ibada tangu Krismasi walikuja. Mong'ina alisimama mbele amevaa nguo aliyoazimwa.

"Nimekosa," alisema. "Daftari ni langu. Niliandika watu bila kuwaambia. Naomba mnisamehe."

"Hatukuja kusikia ya daftari," Ochoki alisema kutoka benchi la mbele. "Usizunguke, shemeji. Ogoti ni wewe au si wewe?"

Alitutazama sisi watatu tulipokaa. Alinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

"Ni mimi," alisema.

Kanisa likavuta pumzi kwa pamoja. Nyanchera akaanza kulia kwa sauti, na kilio chake hicho kilikuwa cha kweli. Obwocha aliinuka kwa fimbo yake.

"Mmesikia nyote. Sikumsemea. Amesema mwenyewe." Akageukia ukumbi. "Kesho asubuhi awe ametoka kwenye ardhi yetu."

Mzee wa kanisa alisogea. "Lakini, Omogaka, mzee wetu, ulisema akikiri anakaa."

"Nilisema hivyo kabla hajakiri. Wakati huo sikuwa na hakika. Sasa nina hakika. Nani hulala na nyoka aliyemwambia mimi ni nyoka?"

Watu walisema ni kweli. Hata mimi kwa dakika ile nilihisi hayo maneno yana akili. Baraza la kanisa lilikaa baada ya ibada, na kwa kuwa mshiriki amekiri uchawi mbele ya mashahidi, jina lake likaondolewa kwenye orodha ya washiriki. Kisha ukatangazwa wimbo wa kufunga, tukasimama tukaimba beti zote nne.

Jumapili saa tatu asubuhi wana wawili wa Ochoki waliobaki walikuwa juu ya nyumba ya Mong'ina wakitoa mabati. Hawakungoja amalize kufunga mizigo. Misumari ilimwangukia ndani akikunja blanketi. Binti wa dada yake, Nyanchoka, anayeuza nguo kuukuu sokoni Suneka, alikuwa ametuma pikipiki imchukue. Kulikuwa na watu kama hamsini. Ochoki alikuwa ameshika daftari kwapani, sijui alitaka kulipeleka wapi.

Hapo ndipo gari la Christabel lilipoingia.

Hakuwa amesikia lolote. Ilikuwa siku yake ya kawaida ya kuja. Alishuka, akaiona nyumba isiyo na paa, akaiona migomba, akamwona Mong'ina na godoro. Akaelezwa yote. Kisha akasema, kwa sauti ya wazi, mbele ya wote:

"Alama nyekundu nilitia mimi. Kwa kalamu yangu. Leteni daftari." Ochoki akampa. Akasoma kwa sauti malori, akasoma radi, akasoma ng'ombe, moja moja, na alama zake. Akafungua kompyuta yake juu ya boneti, akawaonyesha mstari ulioruka saa tatu na dakika kumi. "Huu ni ng'ombe wa marehemu na hatua zake. Ni ardhi imetikisika. Hakuna kingine. Huyu mama hakumwandika mtu afe."

Watu walisogea wakaangalia. Nikaona kwenye nyuso zao kwamba wameelewa. Hawakuwa wajinga. Hata Lavender alielewa, maana alishika kichwa akakaa chini. Nami nilianza kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

Obwocha alitazama mstari huo kuliko wote. Akapumua, pumzi ndefu ya mtu aliyerudishiwa maisha. Akafunga vifungo vya koti.

"Asante, mwalimu," alisema. "Umetueleza vizuri. Lakini mwenyewe alikiri kanisani. Hatukumlazimisha. Kama daftari halikumuua Ogoti, basi alitumia kitu kingine."

"Alikiri kwa sababu aliahidiwa nyumba yake!"

"Na nani?"

Christabel akatutazama. Mzee wa kanisa aliangalia viatu vyake. Wenzangu wawili hawakusema neno, na mimi pia sikusema. Nilikuwa na mume na wana kwenye ukoo huohuo.

Wale vijana wakaendelea na mabati.

Christabel alienda kando na Mong'ina, karibu nasi, ikawa tunasikia. Alikuwa akilia. "Mama, nisamehe. Nitaripoti. Nitaenda kwa chifu." Kisha, baada ya muda, akijifuta: "Lakini kuna jambo. Sanduku hili ndilo limetupa rekodi safi kuliko yote tuliyofukia. Ile mipaka ya chini inaonekana kwako kuliko kwingine kote. Imebaki zaidi ya mwaka mmoja. Nikiling'oa leo, hiyo sehemu ya picha inabaki tupu."

"Usiling'oe," Mong'ina alisema.

"Litahitaji mtu."

Ochoki alikuwa karibu. "Mimi nipo," alisema. "Ardhi ni yetu. Nitaliangalia."

Na Christabel akamtazama Ochoki, akamtazama Mong'ina, akatoa fomu kwenye mkoba. Simlaumu. Alikuwa na wakubwa wake.

Mong'ina mwenyewe ndiye aliyemfundisha. "Kitambaa kiwe chepesi, shemeji, usitumie sabuni. Nyasi ng'oa kwa mkono. Usifunge ng'ombe upande huu." Ochoki aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mwanafunzi mzuri. "Na daftari?" akauliza. "Lavender anajua kuandika," Mong'ina akasema. "Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu."

Aliuliza kama gari lingeweza kumsogeza hata mpaka Kisii mjini na ile mizigo. Ouko, dereva, aliangalia chini. "Mama, gari la kazi. Tukipata ajali na wewe ndani, mimi sina kazi." Basi godoro likafungwa kwenye pikipiki, sufuria zikaning'inizwa, na mengine yakaachwa.

Christabel alikuwa amefukua pipa na kulifungua. Kwa kuwa alikuwa amekuja kazini, alilazimika kukisawazisha kile kifaa upya, na kikisawazishwa ardhi haitakiwi kutikisika hata kidogo. Alipiga magoti kwenye udongo, akainua mkono mmoja juu.

"Tafadhali," alisema. "Kila mtu asimame alipo. Dakika tano tu."

Na watu hao, mabibi na mabwana, walisimama. Wale vijana juu ya nyumba waliganda na bati mikononi. Nyanchera akamshika mjukuu asitembee. Obwocha akainua fimbo yake isiguse chini. Sikuwahi kuona watu wetu wakitii hivyo, hata kwenye maombi.

Mwenye pikipiki alikuwa ameweka mguu tayari kuiwasha. Christabel akamtikisia kichwa. "Usiwashe hapa. Isukume mpaka barabarani. Polepole."

Akaisukuma. Mong'ina akavua viatu, akavishika mkononi, akafuata nyuma ya godoro lake akiweka unyayo kidogo kidogo. Alipita kaburi la Jethro bila kusimama, maana sanduku lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale, na Christabel alikuwa bado ameinua mkono.